Historia ya 2,147,483,647

Namba 2,147,483,647 husomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa macho haina la ajabu: haiishii kwa sifuri, tarakimu zake hazijirudii kwa mpango wowote, wala haikaririki kwa urahisi. Sura yake halisi huonekana ikiandikwa kwa njia nyingine. Mbili zikizidishwa pamoja mpaka zifike thelathini na moja, kisha jibu likapunguzwa moja, kinachopatikana ni namba hii. Kwa mkato huandikwa 2³¹ − 1. Mara mbili katika historia yake imechukuliwa kuwa kikomo. Kwanza ilidhaniwa kuwa kikomo cha namba tasa ambazo binadamu angeweza kuzijua. Baadaye ikawa kikomo cha namba ambayo mashine iliweza kuibeba. Umbo lililoiletea sifa ya kwanza ndilo lililoiletea ya pili.

Umbo hilo huonekana vizuri kwenye bao. Bao la pwani lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kete moja ikiwekwa katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, na kuendelea hivyo maradufu huku shimo moja la mwisho likiachwa tupu, mashimo 31 yaliyojazwa yatakuwa na kete 2,147,483,647, bila kupungua wala kuzidi. Kete 64 za mchezo wa kawaida hazifiki mbali: baada ya shimo la sita zimekwisha tumika 63, na moja imebaki mkononi. Hesabu ya namna hii ni ya zamani sana. Katika maandishi ya Kiarabu ilielezwa kwa ubao wa sataranji na punje za ngano, na mwanazuoni al-Biruni alikokotoa jumla ya nyumba zote 64. Kokote mtu atakapoishia, jumla ya mashimo yaliyojazwa huwa kasoro moja tu ya kile ambacho shimo linalofuata lingepokea, na ndiyo maana ya ile "kutoa moja". Lile shimo la thelathini na mbili lililoachwa tupu litarudi katika habari za kompyuta.

Watu hawakuanza kuzishughulikia namba za umbo hili kwa sababu ya michezo. Walikuwa wakitafuta namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Sita ni timilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 ni 6. Ishirini na nane pia, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alitoa kanuni ya kuzipata katika kitabu cha tisa cha kazi yake kuu. Namba 1, 2, 4, 8 na kuendelea zijumlishwe. Jumla ikitokea kuwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, izidishwe kwa namba ya mwisho iliyoingia katika jumla. Hivyo 1 + 2 + 4 ni 7, namba tasa, na 7 mara 4 ni 28. Kwa njia hiyo hiyo 31 hutoa 496, na 127 hutoa 8,128. Namba hizo nne ndizo zilizojulikana kwa Wagiriki.

Kwa hiyo swali lote liliegemea jambo moja: 2 ikipandishwa kwa kipeo gani kisha ikapunguzwa moja hutoa namba tasa? Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, la sivyo jibu hugawanyika. Lakini hilo halitoshi. Kumi na moja ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mtego huo uliwanasa wengi kwa karne kadhaa. Miongoni mwa walioukwepa kwa sehemu kubwa ni Ismail ibn Ibrahim ibn Fallus, mwanahisabati wa karne ya 13, aliyeandika orodha ya namba kumi alizoziona kuwa timilifu. Saba kati yake ni timilifu kweli, na ya saba, 137,438,691,328, hutokana na kipeo cha 19. Ulaya haikuifahamu orodha hiyo, ikaianza kazi upya.

Aliyeianza upya kwa uthibitisho ni Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603. Njia yake ilikuwa ya jasho. Kama namba ina vigawo, kimojawapo hakizidi kipeuo chake cha pili. Kwa hiyo inatosha kuigawanya kwa kila namba tasa hadi hapo. Kipeuo cha pili cha 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, ni 724 na ushee, na Cataldi alikuwa na orodha ya namba tasa hadi 750. Aligawanya kwa zote, hakuna iliyoingia bila kuacha baki, na namba hiyo ikathibitika kuwa tasa. Kisha akavuka mipaka ya orodha yake. Alidai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa, bila kugawanya chochote. Kati ya vinne hivyo ni kimoja tu kilichokuwa sahihi, 31, na Cataldi hakuwa na njia ya kukitofautisha na vingine.

Pierre de Fermat alivifuta viwili mwaka 1640, akionyesha kwamba 2²³ − 1 hugawanyika kwa 47 na 2³⁷ − 1 kwa 223. Hakubahatisha. Alikuwa amegundua kwamba vigawo vya namba hizi havitokei ovyo, na barua zake juu ya jambo hilo zilipitia kwa Marin Mersenne, mtawa wa Paris ambaye chumba chake kilikuwa kama posta ya wanahisabati wa Ulaya. Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, akadai kwamba hadi 257 hakuna vingine. Dai hilo lilikuwa la kishujaa kupita kiasi, kwa sababu 2²⁵⁷ − 1 ina tarakimu 78 na hakuna mtu wa zama hizo aliyeweza kuikagua. Baadaye ilibainika kwamba 67 na 257 si sahihi, na kwamba 61, 89 na 107 viliachwa. Hata hivyo jina lake ndilo lililobaki, na hadi leo namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne. Thelathini na moja kilikuwa mle ndani, na kilisubiri miaka 128.

Aliyekishughulikia ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel aliyefanya kazi nyingi zaidi St Petersburg na Berlin. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1738 alikuwa amekwisha kukiondoa kipeo cha 29: namba yake, 536,870,911, ni zao la 233, 1,103 na 2,089. Katika makala hiyo hiyo alikosea pia, akaviingiza 41 na 47 miongoni mwa vipeo vizuri, na ikambidi baadaye avitoe. Si vibaya kulikumbuka kosa hilo, kwa sababu linaonyesha jinsi namba hizi zilivyo telezi hata mikononi mwa bingwa. Uthibitisho wa 31 aliutoa katika barua ya mwaka 1772 kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, iliyochapishwa na akademia ya Berlin. Euler alikuwa na umri wa miaka 65 hivi. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu ujana wake, na la kushoto lilikuwa limefifia kwa mtoto wa jicho. Upasuaji wa mwaka 1771 ulimrudishia nuru kwa muda mfupi tu. Mwaka huo huo wa 1771 moto uliteketeza nyumba yake. Hesabu alizifanya kichwani, wengine wakamwandikia.

Ukubwa wa kazi yenyewe unafaa kupimwa. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ushee. Kwa njia ya Cataldi ingebidi kugawanya kwa namba tasa zote hadi hapo, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alizipunguza kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza inatokana na Fermat. Kama kipo kigawo tasa cha 2³¹ − 1, kiitwe k. Vipeo vya 2, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea, vikigawanywa kimoja kimoja kwa k, mabaki yake huenda kwa duru: baada ya hatua kadhaa hufikia 1, kisha huanza upya. Kwa kuwa k inaigawanya 2³¹ − 1, baki la 1 hutokea kwenye hatua ya 31. Thelathini na moja ni tasa, kwa hiyo duru haiwezi kuwa fupi kuliko hatua 31. Fermat alikwisha onyesha kwamba urefu wa duru kama hiyo lazima uigawanye k − 1. Basi k − 1 hugawanyika kwa 31, na kwa kuwa k ni witiri, hugawanyika kwa 2 pia. Kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, lazima kizidi kigawe cha 62 kwa moja. Kwa hatua hiyo tu namba nyingi mno zimeondoka.

Hoja ya pili hutazama 2³². Kwa kuwa 2³¹ huacha baki la 1 ikigawanywa kwa k, 2³² huacha baki la 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Basi katika mabaki ya k, namba 2 yenyewe ni mraba, na jambo hilo huwezekana tu iwapo k ikigawanywa kwa 8 huacha 1 au 7. Hoja mbili zikiunganishwa, k lazima iwe kigawe cha 248 kikiongezwa 1, au kigawe cha 248 kikiongezwa 63. Hadi 46,340 namba za sura hizo mbili ni 372 tu ukiiacha 63 yenyewe, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Zinazobaki hazifiki mia moja.

Ya kwanza ni 311. Ikigawanywa kwa 311, namba yetu huacha baki la 35. Zinafuata 1,303, kisha 1,489, kisha 2,543, na hivyo hivyo mpaka karibu na 46,340. Hakuna hata moja iliyoingia bila baki. Kazi hiyo leo ni ya dakika chache kwa mwanafunzi mwenye kikokotoo. Kwa mzee asiyeona vizuri ilikuwa ya kuchosha, ila iliwezekana, ambapo bila zile hoja mbili isingewezekana. Barua hiyo ina jambo jingine linalojulikana zaidi: kanuni x² − x + 41, ambayo x ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea hadi 40 hutoa namba tasa kila mara. Watu wengi huikumbuka barua kwa kanuni hiyo na kuisahau namba iliyoandikwa karibu nayo.

Kutokana na uthibitisho wa Euler ilipatikana namba timilifu ya nane, 2,305,843,008,139,952,128, yenye tarakimu 19. Euler ndiye pia aliyethibitisha kwamba kila namba timilifu iliyo shufwa hutokana na kanuni ya Euclid, kwa hiyo utafutaji wa namba hizo na utafutaji wa namba tasa za Mersenne ni kazi moja. Mwaka 1811 Peter Barlow, aliyefundisha katika chuo cha kijeshi cha Woolwich nchini Uingereza, alichapisha kitabu juu ya nadharia ya namba. Akiitaja namba timilifu hiyo, alisema kwamba huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa: namba hizi ni za kustaajabisha tu na hazina manufaa, kwa hiyo hakuna atakayehangaika kutafuta iliyo kubwa zaidi. Barlow hakuwa mzembe. Majedwali yake ya vipeuo na miraba yalitumiwa na wahandisi kwa muda mrefu baada ya kifo chake. Utabiri wake ulikuwa na mantiki pia, kwani kwa njia ya kugawanya, hatua iliyofuata ilikuwa nje ya uwezo wa mkono.

Utabiri huo ulivunjika pande zote mbili. Upande wa ukubwa ulianza kuvunjika kwanza, kwenye namba tasa zenyewe. Mwaka 1855 Thomas Clausen, mnajimu wa Dorpat katika Estonia ya leo, alimwandikia mwanahisabati Gauss kwamba 2⁶⁴ + 1 ni zao la 274,177 na 67,280,421,310,721, na namba hii ya pili ni tasa. Barua ilikaa katika makaratasi ya Gauss kwa zaidi ya miaka mia moja bila umma kuijua. Kwa waliosoma machapisho tu, kikomo cha Euler kilidumu hadi 1867, Fortuné Landry wa Ufaransa alipoonyesha kwamba 2⁵⁹ − 1 ina kigawo tasa cha 3,203,431,780,337. Miaka tisini na mitano si haba kwa rekodi ya hesabu.

Kilichofuata hakikuwa kugawanya tena. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas aligundua jaribio lisilotafuta vigawo kabisa, na D. H. Lehmer akalinyoosha katika karne ya 20. Huanza na 4. Namba hupigwa mraba, hutolewa 2, kisha hugawanywa kwa namba inayochunguzwa na baki lake ndilo huendelea. Kwa 2³¹ − 1 hatua ni 29 tu, na baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Kwa jaribio lake Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Hadi leo hakuna kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa bila mashine. Alionyesha pia kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa vigawo vyake havikujulikana mpaka Frank Nelson Cole alipovitoa New York mwaka 1903. Kompyuta zilianza kugundua namba tasa za ukoo huu mwaka 1952. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana sasa, iliyotangazwa Oktoba 2024, ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Nayo hupimwa kwa jaribio hilo hilo.

Namba ya Euler ina udugu wa pekee katika ukoo huu. Kipeo chake, 31, chenyewe ni namba tasa ya Mersenne, 2⁵ − 1. Namba za aina hiyo, ambazo kipeo na matokeo vyote ni vya ukoo mmoja, zinajulikana nne tu: 7, 127, 2,147,483,647 na ile ya Lucas. Ingependeza kama mnyororo ungeendelea, na 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 kasoro moja nayo ikawa tasa. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Imeshajulikana kwamba si tasa, kwa kuwa hugawanyika kwa 295,257,526,626,031. Na kama hoja ya Fermat inavyotaka, kigawo hicho huzidi kwa moja tu kigawe cha 2,147,483,647.

Maisha ya pili ya namba hii yalianza kwenye maabara za kompyuta. Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza familia ya mashine iitwayo System/360, iliyohifadhi namba katika nafasi 32, ziitwazo biti, kila nafasi ikiwa na 0 au 1. Hapo bao linarudi. Kila shimo lina kete moja au halina kitu, na thamani ya kete huongezeka maradufu kutoka shimo moja hadi jingine. Shimo la thelathini na mbili halihesabu kwa kuongeza. Limetengwa kwa alama ya hasi. Yanabaki 31, na yote yakiwa na kete, namba inayosomwa ni 2,147,483,647. Ikiongezwa moja, mashimo yote 31 humwagika yakawa matupu, na kete ikaingia katika lile la hasi: mashine husoma −2,147,483,648. Mita ya gari ikipita tarakimu zake za mwisho hurudi kwenye sifuri. Hii huruka hadi upande wa pili kabisa. Mpangilio huo uliigwa na karibu kila mtengenezaji, na lugha ya Java iliyotoka mwaka 1995 iliuandika katika kanuni zake rasmi. Kwa hiyo hifadhidata za benki, michezo ya kompyuta na vihesabio vya kila aina vilijikuta na ukuta mmoja.

Waliochagua biti 32 hawakujali kama ukuta huo ni namba tasa. Waliojali ni waandishi wa programu za kutengeneza namba za bahati. Mwaka 1949 Lehmer, yule yule wa jaribio la Lucas, alipendekeza kutengeneza namba zinazoonekana kama za bahati kwa kuzidisha na kuchukua baki. Mwaka 1969 watafiti wa IBM walichukua 2,147,483,647 kuwa kigawanyio na 16,807 kuwa kizidishio, kwa ajili ya mashine za System/360. Kwa kuwa kigawanyio ni tasa, na kwa kuwa 16,807, ambayo ni 7⁵, imechaguliwa vyema, mabaki hupita katika namba zote kutoka 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudia. Umbo la 2³¹ − 1 lina faida nyingine. Katika namba za makumi, baki la kugawanya kwa 9 hupatikana kwa kujumlisha tarakimu tu, kwa sababu 10 huacha 1. Hapa 2³¹ huacha 1, kwa hiyo mashine hupata baki kwa kuikata namba vipande vya biti 31 na kuvijumlisha, bila kugawanya hata kidogo. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza mbinu hiyo kama kiwango cha chini ambacho programu yoyote haipaswi kushuka chini yake, na ingali katika maktaba za lugha ya C++. Siku hizi haitoshi kwa kazi nzito, maana kompyuta ya kisasa humaliza duru nzima kwa sekunde chache, na mahali pake pamechukuliwa na mbinu nyingine, mojawapo ikiwa na duru ya hatua 2¹⁹⁹³⁷ − 1, nayo ni namba tasa ya Mersenne. Upande wa pili wa utabiri wa Barlow, ule wa manufaa, ulivunjikia hapa.

Ukuta wenyewe umegongwa mara kadhaa. Desemba 2014 mtandao wa YouTube ulieleza kwamba wimbo wa "Gangnam Style" wa Mkorea PSY umetazamwa mara nyingi kuliko kihesabio cha biti 32 kilivyoweza kubeba, na kwamba kihesabio kimepanuliwa hadi biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, baada ya kubainika kwamba mitambo ya kudhibiti majenereta ikikaa na umeme kwa siku 248 mfululizo ingeweza kujizima. Kihesabio cha biti 31 kinachohesabu sehemu za mia za sekunde hujaa baada ya siku 248 na nusu hivi. Kwamba 248 ni ile ile ya Euler ni sadfa tupu, lakini ni sadfa ya kupendeza.

Tukio kubwa zaidi bado halijafika. Mfumo wa Unix, uliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanzoni ulihesabu wakati kwa sehemu za sitini za sekunde, na biti 32 zingejaa kwa muda usiofika miaka miwili na nusu. Ukabadilishwa uhesabu sekunde nzima, tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Kwa majira ya Afrika Mashariki zitatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7. Sekunde inayofuata, saa ya mfumo usiorekebishwa itaruka nyuma hadi Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, saa 5 na dakika 45 usiku, wiki moja hivi kabla ya reli iliyotoka Mombasa kufika Ziwa Victoria.

Dawa inajulikana, na imekwisha tumika mahali pengi: wakati uhesabiwe kwa biti 64. Kompyuta na simu nyingi zinazouzwa sasa zimevuka, na kiini cha Linux kilitengenezewa njia hiyo mwaka 2020 hata kwa mashine za biti 32. Wasiwasi umebaki kwa vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mitambo na kwa mafaili ya zamani ambayo umbo lake limeandikwa kwa baiti nne, yaani biti 32. Kikomo kipya, 2⁶³ − 1, ni 9,223,372,036,854,775,807, na kwa sekunde ni zaidi ya miaka bilioni 290. Kama namba, hakina sifa ya kile cha zamani: 63 si tasa, kwa hiyo namba hiyo hugawanyika kwa 7 mara mbili, kisha kwa 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Kikomo cha mashine za biti 16, ambacho ni 32,767, nacho hakikuwa tasa. Kile cha biti 8, ambacho ni 127, kilikuwa tasa. Mashine zikipanuliwa tena hadi biti 128, namba kubwa zaidi zitakayoweza kuibeba itakuwa 2¹²⁷ − 1, ambayo Lucas aliikagua kwa mkono mwaka 1876.